Muulize Somo: Nimeuza mashua, sasa nyumbani hapakaliki

Wiki hii Somo anajibu barua moja tu, maana ni ndefu na haikukatika. Mwandishi ameomba jina lake lisitajwe.

Somo,

Assalaamu alaykum. Najua safu hii ni ya kina mama zaidi, na wanaume tunaoisoma tunaisoma kwa kujificha. Barua hii nimeiandika kwa mkono, herufi kubwakubwa, kijana wa steshenari akanichapia. Hanijui, simjui, kwa hiyo sikuona haya.

Mimi ni mtu wa Pangani, upande wa Bweni, ng'ambo ya mto. Nina miaka 61. Nilipanda chombo nikiwa na 14, kazi yangu kufua maji yanayoingia chomboni na kupika. Nikashika usukani nikiwa na 27, kwanza kwa ami yangu, kisha kwenye chombo changu mwenyewe. Mashua yangu ilikuwa ikiitwa Subira: futi 30, tanga moja, mabaharia watatu, mashine hakuna. Tulikuwa tukipakia machungwa ya Muheza, nazi, mbao, pengine mbuzi, tunavusha Mkokotoni au Wete, tunarudi na bidhaa za madukani. Nyingine, Somo, naomba tusizitaje.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni upepo tu. Upepo ni nusu. Mlango wa mto wetu una fungu la mchanga, na chombo chenye shehena hakipiti ila maji yamejaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi yamekupwa mpaka unaona mgongo wa fungu. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Basi sisi hatukuwa na saa ya kazi, tulikuwa na mwezi. Tulitoka na umande, ule upepo wa bara wa kabla ya kucha, ukatufikisha nje ya Maziwe, kisiwa ambacho wazee walikikuta na mivinje na leo ni fungu tupu, maji yakijaa hulioni. Jua likipanda tunangoja upepo ugeuke. Wakati wa kusi, kwenda Mkokotoni ni bisho mtindo mmoja, kupigana na upepo wa mbele, goshi huku, goshi kule, na mkondo unakusukuma kaskazini mchana na usiku. Ukizembea, ulitaka Unguja unajikuta unaitazama Pemba. Mikono inachubuka kwa kuvuta demani, kamba ya tanga, chumvi inaingia kwenye michubuko, na bado nakwambia, Somo, kuna saa ambayo tanga limejaa, chombo kimelalia ubavu kidogo, na kana, mti wa kushikia usukani, inakuvuta kiganja polepole, unajua chombo kinataka nini bila kukitazama. Saa hiyo sijaipata popote pengine.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu.

Mwezi wa tisa mwaka jana tulitoka na matenga ya machungwa. Zilikuwa siku tatu kabla ya mwezi kuandama, giza totoro, na wavuvi wa dagaa wametapakaa baharini na taa zao, maana dagaa hufuata taa gizani. Mimi kwa muda wa miaka miwili hivi taa nilikuwa naziona zina duara, kama zimewashwa ndani ya moshi. Nikasema ni chumvi. Saa kumi na robo niliona taa nyeupe mbele, upande wa kulia. Nikasema dagaa hao. Nikaendelea. Kijana wangu mdogo, ana miaka 19, alikuwa omo, mbele ya chombo, akapiga kelele, "Nahodha, meli!" Nikafinya macho, ndipo nikaona: nyekundu na kijani, zote mbili. Meli ina taa nyekundu ubavu wake wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Ukiiona moja, inakupita. Ukiziona zote, inakujia wewe.

Umande ulikuwa dhaifu, tanga linapepea tu. Tukashika makasia. Ilipita karibu kiasi cha kusikia mashine yake kifuani, wala sidhani kama kuna mtu kule juu aliyetuona. Mawimbi yake yakatuingia, tukatupa matenga 11, tukafua maji kwa ndoo. Kulipopambazuka machungwa yalikuwa yametuzunguka, yanatembea nasi. Mkondo ni mmoja. Vijana wakayaokota, wakala, wakacheka. Mimi langu halikumenyeka.

Mwenye mzigo nilimlipa, nikamwambia mawimbi. Mwezi wa kumi na moja nikamuuzia mashua mtu wa Kipumbwi, milioni nane. Vijana nikawapa laki tano kila mmoja, deni la mbao nikalipa. Nyumbani nikasema nimechoka, na wateja wote siku hizi wanataka boti za faiba. Hilo nalo ni kweli.

Kitu kimoja sikukiuza: kana. Mnunuzi nilimchongea mpya, ile ya zamani nikaifunga pamoja na godoro nikaja nayo Dodoma, kwa mwanangu. Yeye ni mtumishi wa serikali, ofisi zao zilipohamia huku naye akahama, akajenga Nzuguni. Ametupa chumba kizuri, mimi na mama watoto. Wiki ya kwanza sakafu ilikuwa inayumba. Ikaacha, lakini usingizi haukuja. Saa tisa usiku naamka mwenyewe, natoka uani, nautazama mwezi, nahesabu: sasa hivi Pangani maji yanajaa. Upepo huku upo, tena mwingi, ila haubebi kitu isipokuwa vumbi. Juzi kilimia, zile nyota za mabaharia, kilikuwa juu ya paa la jirani, kilekile. Mke wangu amenikuta mara mbili nikisema peke yangu.

Yeye huku amepapenda. Anapika vitumbua na bajia getini, wateja wanapanga foleni kabla ya saa moja, wanamwita Mama Pangani. Mimi nikimwelekeza jambo ananitazama tu. Nimezoea kusema mara moja likatendeka. Baharini neno la pili ndilo linalozamisha chombo. Mjukuu wangu wa miaka sita alitengeneza jahazi kwa ndala, tanga la mfuko, foromali, yaani mti wa kufungia tanga, ya kijiti cha fagio. Nikamwambia foromali haikai hivyo, inalala, haisimami kama msalaba. Akalia. Mama yake akamchukua bila kunisemesha.

Wiki mbili zilizopita niliamka nikatoka nje, nikaikuta kana yangu imesimamishwa getini, inashikilia turubai la vitumbua. Somo, ile kana nimeishika miaka zaidi ya 20, ina alama ya kiganja changu. Nikaing'oa. Turubai likaanguka, kona yake ikaingia kwenye karai la mafuta ya moto, mafuta yakaruka. Aliyekuwa karibu ni binti wa jirani, anayenunua kila siku. Hakuungua, alhamdulillahi, viatu tu. Mke wangu alizima jiko, akamwangalia yule mtoto miguu, ndipo akanigeukia. Akasema mbele ya watu, "Chombo umekiuza. Mimi si baharia wako."

Tangu siku hiyo analala chumba cha wajukuu. Salamu anaitika, basi.

Nimebakiwa na milioni nne. Nafikiria nirudi Pangani peke yangu kabla kaskazi haijaingia, ninunue ngalawa, nivue karibu. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nimekwenda tezi nyuma, nimekwenda omo mbele, na ngama yangu siioni iko wapi. Nirudi, au nikae?

Nahodha Asiye na Chombo, Dodoma

SOMO ANAJIBU

Nahodha, wa alaykumu ssalaam.

Mimi ni mtoto wa Mkokotoni. Machungwa yako pengine nimeyala. Na sijui nani mkubwa kati yetu, kwa hiyo nikivuka mpaka wa adabu unisamehe, ila kuvuka nitavuka.

Nianze na karai. Habari ya kana umeieleza vizuri hata mimi nimeiona ile alama ya kiganja, lakini mafuta ya vitumbua yakimpata mtoto mguuni hayaulizi kana ilikuwa ya nani. Umesema "viatu tu" kana kwamba viatu ndiyo habari yenyewe. Je, ulikwenda kwa wazazi wa yule binti? Barua haisemi, nami nahisi hukwenda. Nenda leo baada ya Magharibi, na jozi ya viatu mkononi. Usingoje mkeo akutume, na usimtume mwanao. Halafu mkeo umtake radhi kwa jambo hilo moja, bila kuchanganya na mengine na bila neno "lakini". Hilo sikushauri, nakuagiza, kama wewe ulivyozoea kuagiza.

Sasa tuje kwenye barua. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi. Mambo ya upepo, maji, mkondo na taa umeyaandika kwa mkono wa mtu anayejua. Nimejifunza hata mimi niliyezaliwa huko. Mkeo umempa mistari michache: amepapenda Dodoma, anapika vitumbua, ananitazama tu. Jina lake sikudai, adabu yetu haitaki. Lakini nimefika mwisho wa barua bila kujua mama huyu anapenda nini, anaogopa nini, alikuwa akifanya nini zile siku ambazo wewe uko Wete unangoja upepo. Jina la mashua nimelijua tangu mistari ya mwanzo.

Nikusimulie. Babangu naye alikuwa mtu wa mashua. Akiwa safarini nyumba yetu ilikuwa na sauti, akirudi tulitembea kwa vidole. Mamangu alimpenda, wallahi alimpenda. Siku tatu za kwanza anampikia kila kizuri, biriani, wali wa nazi, pweza. Ya nne anaanza kuutazama upepo. Sisi watoto tulidhani anamhurumia asichelewe safari. Nilipoolewa ndipo nikajua alikuwa anahesabu lini atarudishiwa nyumba yake.

Maana ile ilikuwa nyumba yake, kama hii ilivyo ya mkeo. Watoto wakiugua, anajua yeye duka lipi linatoa dawa kwa mkopo. Paa likivuja, fundi kamwita yeye. Msiba ukitokea na wewe uko kwenye bisho, aliyekwenda kuzika kwa niaba ya ukoo ni yeye, na kurudi akajibu maswali ya "baba yuko wapi". Miaka 33 umeshika usukani baharini, yeye kashika wa nchi kavu miaka hiyohiyo, tena bila mabaharia watatu. Halafu siku moja anapanda mtu mzima na mzigo wake, haijui njia, na anaanza kutoa amri. Wewe ungemfanyaje mtu wa namna hiyo kwenye chombo chako? Ungemshusha Kipumbwi. Huyu kakuhamia chumba cha wajukuu tu. Ana subira kuliko ile uliyoiuza.

Ulitaja methali ya tezi na omo ukauliza ngama yako iko wapi. Watu huitumia kama faraja, kwamba mwisho wa yote ni kurudi nyumbani ukapumzike. Lakini wewe unaijua ngama kuliko waliotunga methali. Ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ndipo maji yanapokusanyika. Mtu anayeshuka ngamani hashuki kulala, anashuka na ndoo. Ulianza kazi ukiwa na miaka 14, ukifua maji na kupika, na hukuona aibu kwa kuwa ulikuwa hujui kitu. Nyumbani nako hujui kitu. Kwa hiyo, Nahodha, upo wa kufulia maji huo hapo. Saa tisa usiku, badala ya kuzunguka uani ukihesabu maji ya Pangani, mchele wa vitumbua unahitaji kusagwa, nazi zinahitaji kukunwa na mkaa unahitaji kuwashwa. Mke wako anaamka saa ngapi kuwahi foleni ya saa moja? Nakadiria saa kumi. Mko macho wawili katika nyumba moja, kila mtu na giza lake. Kaa kwenye mbuzi, ukune nazi, na usimwelekeze.

Hayo ya juu ni madogo. Kubwa ni hili la meli.

Umeniandikia mimi nisiyekujua, ukampa achape kijana usiyemjua, na mama mliyekula naye chakula miaka yote hii hajui kwa nini mmehamia Dodoma. Anadhani umechoka. Mtu aliyechoka hulala, huyu wake halali. Hutulia, huyu wake anang'oa miti getini. Unataka aelewe nini? Ile kana kwako ni usiku ule na machungwa yaliyoelea na vijana watatu ambao nusura uwapeleke kwa mama zao wakiwa maiti. Kwake ni mti ulionyooka, mgumu, umekaa chini ya kitanda bila kazi. Hukumwambia kitu, na kosa la kutojua unamtwika yeye.

Mwambie. Usiku, wakati wa kukuna nazi, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Anza na taa nyeupe. Mweleze na duara la taa, na miaka miwili ya kusema ni chumvi. Simwahidi mtu matokeo. Huenda akakasirika zaidi kwamba ulimficha, na akikasirika ana haki. Lakini atakuwa anagombana na mume wake, si na mtu aliyejaa vumbi la Dodoma asiyejulikana anataka nini.

Na sasa macho. Hapa, samahani, nilicheka, kisha nikakasirika. Umeuza chombo kwa sababu ya macho, umehama mkoa kwa sababu ya macho, umegombana kwa sababu ya macho, na macho yenyewe hujayapeleka kwa daktari! Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa barua. Ila taa zenye duara usiku, na kuona kama kuna moshi, kwa mtu wa miaka 61 aliyepigwa na jua la juu na jua la majini, ni dalili zinazofahamika za mtoto wa jicho. Na mtoto wa jicho hutibika. Ni upasuaji mfupi, wanatia ganzi jicho tu, wanatoa ile lenzi iliyoingia ukungu wanaweka nyingine, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mabaharia wengi pia huota kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho, nacho hutazamwa hukohuko. Inawezekana yako ni ugonjwa mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda upesi, maana yako magonjwa ya macho ambayo ukichelewa kilichopotea hakirudi. Hapo Dodoma zipo hospitali kubwa zenye kliniki ya macho. Tena mwanao ni mtumishi wa serikali, ana bima. Muulize kama wazazi mmeandikishwa. Ile milioni nne itatoka kwanza kwa kazi hii, kama itahitajika kabisa.

Ngalawa tutaizungumza baada ya daktari. Sikukatazi, mimi si mjinga wa kumkataza mtu wa Bweni asiende majini. Ila sikiliza masharti yangu. Mashua usinunue tena, wala ya ubia. Ngalawa ndogo ya mwembe yenye mirengu yake miwili, mtu mmoja na kijana mbele, inatosha. Ndani ya mwamba, si mkondoni. Mchana. Unatoka na umande kukiwa kumeshapambazuka na unarudi na upepo wa mchana, jua la alasiri likukute ufukweni unaosha samaki. Na kwa kaskazi tu. Kusi ya mwezi wa saba waachie wenye magoti.

Halafu hilo la "peke yangu" lifute. Sisemi lazima akufuate. Anazo biashara na foleni yake, na mtu aliyepata jina la Mama Pangani mjini Dodoma hawezi kuliacha kirahisi kwa sababu mumewe kakumbuka bahari. Lakini mwaka una pepo mbili, Nahodha, wewe hunihitaji nikufundishe. Kaskazi ikiingia Desemba, shule zimefungwa. Mnaweza kuteremka wote, na wajukuu, na yule wa ndala na tanga la mfuko. Treni hadi Morogoro, kisha basi, Chalinze, Segera, mpaka nyumbani. Yeye akae wiki mbili, akitaka arudi kwa wateja wake, wewe ubaki mpaka Machi. Masika yakianza na kusi kuja nyuma yake, unapanda bara. Wewe umeishi kwa misimu maisha yako yote, yeye naye amekuzoea kwa misimu. Kuwekwa pamoja siku 365 chini ya paa la mtoto ni jambo jipya kwenu wawili, wala hamkuulizwa. Huu ni mpango wangu mimi niliyekaa mbali. Mpeleke kwake kama swali. "Unaonaje?" Neno hilo moja sidhani kama umewahi kulisema ukiwa umeshika usukani. Akisema hapana, uliza anataka nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Amekusubiri zaidi ya hapo.

Kuhusu mjukuu: umemliza mtoto wa miaka sita kwa foromali ya kijiti cha fagio! Mwambie akuletee ndala nyingine. Safari hii umtazame tu anavyofunga, akimaliza jazeni karai maji mpulize wote wawili. Foromali ikisimama kama msalaba atauona mwenyewe mfuko unavyokwenda. Akikuuliza, mjibu.

Yupo pia mtu mwingine ambaye umempitia haraka. Yule kijana wa miaka 19. Yeye ndiye aliyeiona meli. Umempa laki tano sawa na wenzake, jambo la haki, na sidhani kama umemwambia neno. Huenda hadi leo anadhani mashua iliuzwa kwa sababu ya kelele zake, kwamba alimwaibisha nahodha mbele ya watu. Vijana hufikiri hivyo. Namba yake unayo. Mpigie umwambie kwamba wewe hukuiona ile meli na yeye aliiona. Na ukishanunua ngalawa, huyo ndiye wa kukaa mbele.

Kana nayo. Usiirudishe chini ya kitanda. Muulize mama kama turubai lake limepata mti mwingine wa kusimamia. Kama bado, mwachie hiyohiyo, uichimbie shimo wewe mwenyewe ili isiyumbe.

Mwisho, siku ya kwenda kliniki ya macho usiende peke yako na usiende na mwanao. Mwombe mke wako, hata kama bado hamsemezani. Kule watakutia matone ya kutanua mboni ili waone ndani, na kwa saa kadhaa baada ya hapo mwanga utakuumiza na vitu vya karibu vitakuwa ukungu mtupu. Hutaweza kusoma kibao cha daladala wala kuona vizuri ukingo wa ngazi. Itabidi mtu akushike mkono kutoka mlangoni pa hospitali hadi Nzuguni, na akwambie wapi pa kukanyaga.